Mrejesho wa Habari za Mwili: Jina la Chombo na Kazi ya Mgonjwa

1. Utangulizi

Ofisi ya istilahi hupokea barua za namna nyingi. Wako wanaotaka jina la mdudu, wako wanaotaka jina la kipuri cha mashine, na wako wanaolalamika kuwa jina tulilowapa halitamkiki. Barua iliyozaa makala haya ilitoka kwa muuguzi mmoja anayewahudumia akina mama ambao misuli yao ililegea wakati wa kujifungua, hata wakawa hawawezi kuzuia mkojo wanapocheka, wanapokohoa au wanapojitwika ndoo. Kliniki yake ilikuwa imepata chombo kidogo cha umeme cha kuwasaidia, na maelezo yake yote yalikuwa ya Kiingereza. Muuguzi huyo alilazimika kuyatafsiri mwenyewe. Kwa kukosa jina, akakiita chombo hicho "mashine ya kutibu mkojo".

Matokeo yake aliyaeleza kwa maneno machache. Akina mama walikuja, wakafungwa chombo, wakalala kimya wakingoja kiwatibu. Baada ya majuma kadhaa walirudi makwao wakisema kuwa mashine imeshindwa. "Mashine haikushindwa," aliandika muuguzi. "Mimi ndiye niliyeipa jina lililowaambia walale wangoje. Sasa naomba mnieleze, kwa Kiswahili tuiiteje?"

Makala haya ni jibu la barua hiyo. Lakini mtu hawezi kukipa jina kitu asichokifahamu. Kwa hiyo tutaeleza kwanza jambo lenyewe na namna linavyofanya kazi, kisha historia yake, faida zake na mipaka yake. Mwisho ndipo tutakapoliendea jina.

2. Jambo lenyewe

Mwili wa binadamu hauachi kutenda hata dakika moja. Moyo hupiga, mishipa midogo ya damu hupanuka na kusinyaa, tezi za jasho hufunguka, misuli hukaza na kulegea. Nyingi katika habari hizi hazifiki kwenye fahamu zetu. Karani anaweza kukaa mezani tangu asubuhi akiwa ameuma meno na kuinua mabega, asitambue lolote, mpaka jioni kichwa kinapoanza kumgonga. Habari ilikuwapo mwilini mchana kutwa, ila mwenye mwili hakuipata.

Chombo tunachokizungumzia kimeundwa ili kuziba pengo hilo. Vipokezi vyake hubandikwa juu ya ngozi, au huwekwa mahali panapohusika, navyo hupokea dalili ndogo sana za mwili. Chombo huzikuza dalili hizo, kisha huzigeuza kuwa kitu kinachosikika au kuonekana: mlio unaopanda na kushuka, taa inayowaka, mshale unaosogea au mchoro katika kioo. Mtu huipata habari ya mwili wake papo hapo, wakati jambo lenyewe linatendeka.

Tuchukue mfano wa mtu mwenye maumivu ya kichwa yatokanayo na kukaza misuli. Huketi kitini, vipokezi vikabandikwa kwenye paji la uso. Misuli ikikaza, mlio hupanda. Ikilegea, mlio hushuka. Mtaalamu humwambia jambo moja tu: jaribu kuushusha mlio. Mara ya kwanza mtu hujitahidi mno, na kwa sababu ya kujitahidi mlio huzidi kupanda. Kisha hujaribu kupumua polepole, au kulegeza taya, au kuacha mabega yaanguke, na mlio hushuka kidogo. Hapo ameshajifunza kitu ambacho hakuna maneno ya mwalimu yangaliweza kumfundisha. Baada ya vipindi kadhaa, na mazoezi ya kila siku nyumbani, huanza kuitambua hali ya kukaza na ya kulegea bila mlio wowote. Mafunzo yakifaulu, chombo huwekwa kando.

Kanuni inayotumika hapa ni ileile iliyomo katika tangi la maji lenye boya. Maji yakipanda, boya hupanda nayo na kuifunga njia ya maji. Yakishuka, boya hushuka na kuifungua. Habari ya matokeo hurudi kwenye chanzo na kukiongoza. Lakini iko tofauti moja kubwa. Katika tangi hakuna anayejifunza: boya la mwaka wa kumi halina ujuzi kuliko la siku ya kwanza. Katika mafunzo haya habari hupita ndani ya fahamu za mtu, naye ndiye atendaye. Mtu akiondolewa katika mzunguko huo, hubaki chombo kinacholia peke yake.

Habari zinazorejeshwa kwa njia hii ni za aina mbalimbali. Iko ya misuli, tuliyoieleza. Iko ya joto la vidole: mtu akishikwa na hofu, mishipa midogo ya ngozi husinyaa, damu hupungua na vidole hupoa, akitulia, vidole hupata joto tena. Iko ya jasho la viganja, ambalo huifanya ngozi ipitishe umeme kwa urahisi zaidi. Iko ya pumzi na mapigo ya moyo: kwa kawaida mapigo huharakika kidogo mtu anapovuta pumzi na kupungua anapoitoa, na kwa watu wazima walio wengi tofauti hiyo hukua sana wanapopumua takriban mara 6 kwa dakika. Mwisho, iko ya mawimbi ya umeme ya ubongo.

3. Jambo lililotangulia jina

Msomaji huenda akadhani kuwa jambo hili lilizaliwa pamoja na kompyuta. Sivyo. Mwaka 1938 wanasaikolojia wawili wa Marekani, O. H. Mowrer na mkewe W. M. Mowrer, walieleza juu ya kitandiko kilichounganishwa na kengele kwa ajili ya watoto wanaokojoa kitandani: tone la kwanza la mkojo lilipolowesha kitandiko, kengele ililia na mtoto akaamka. Mwaka 1948 daktari Arnold Kegel, wa Marekani pia, alieleza matumizi ya chombo chenye kipimo cha shinikizo kwa akina mama waliolegea misuli baada ya kujifungua. Mama alikaza misuli, akaona kwa macho yake ni kiasi gani amekaza, na kesho yake akajaribu kupita kiasi cha jana. Muuguzi wetu atafurahi kujua kuwa chombo chake ni mjukuu wa chombo hicho.

Mwaka huohuo wa 1948 mwanahisabati Norbert Wiener alichapisha kitabu chake juu ya uongozi na mawasiliano katika wanyama na katika mashine. Neno la mafundi wa umeme lenye maana ya kurejesha matokeo kwenye chanzo likapata njia ya kuingia katika elimu ya viumbe. Katika miaka ya 1950 na 1960 Joe Kamiya, aliyeanzia Chicago kisha akahamia San Francisco, aliwafundisha watu kutambua na kuongoza mawimbi fulani ya ubongo wao. Mwaka 1963 John Basmajian alionyesha kuwa mtu anaweza kujifunza kutumia sehemu ndogo kabisa ya msuli akiisikia na kuiona kwa msaada wa chombo. Huko Topeka, katika jimbo la Kansas, Elmer na Alyce Green waliwafundisha watu kupasha joto mikono yao. Mwanamke mmoja aliyekuwa katika uchunguzi wao aliona kipandauso chake kikimwondoka wakati uleule mikono yake ilipopata joto, na tukio hilo likafungua mlango wa kutumia mafunzo hayo kwa wagonjwa wa kipandauso.

Ni mwaka 1969 tu, katika mkutano wa Santa Monica, California, ambapo wataalamu hawa walijiundia chama na kulishika jina moja. Kwa Kiswahili jina hilo huweza kuandikwa bayofidibaki. Yaani kati ya chombo cha Kegel na jina kulipita miaka 21. Hili ni jambo la kuwatia moyo watunga istilahi: hata katika lugha zenye vyuo na maabara nyingi, kitu hutangulia na jina hufuata.

Historia hii ina funzo jingine, nalo ni la tahadhari. Mwaka huohuo wa 1969 Neal Miller wa Chuo Kikuu cha Rockefeller alitangaza kuwa panya waliolegezwa misuli yao yote kwa dawa walijifunza kuharakisha au kupunguza mapigo ya moyo ili wapate tuzo. Habari hiyo ilisisimua wengi, kwa sababu ilielekea kuvunja mpaka kati ya viungo vya hiari na visivyo vya hiari. Katika miaka ya 1970 majaribio hayo yaliporudiwa, matokeo hayakupatikana tena, na Miller mwenyewe ndiye aliyelisema hilo waziwazi. Faida wanazozipata wagonjwa hazikufutika kwa ajili hiyo, lakini ilibainika kuwa binadamu aghalabu hauongozi moyo wake moja kwa moja. Huupitia mlango wa pumzi, wa misuli na wa utulivu.

4. Msongo uko wapi?

Mafunzo haya hutumika sana kwa watu wenye hali ambayo leo tunaiita "msongo wa mawazo". Istilahi hii imeenea na hatuna nia ya kuifuta. Hata hivyo ina kasoro inayofaa kutajwa hapa, kwa kuwa huuweka msongo wote katika mawazo. Mgonjwa anayeambiwa kuwa maumivu yake ya shingo ni msongo wa mawazo husikia kuwa hana ugonjwa, ila anawaza tu. Na jamaa zake humwambia aache kuwaza.

Hans Selye, aliyelieneza jambo hili katika tiba kuanzia mwaka 1936, hakuanzia kwenye mawazo. Alianzia kwenye miili ya panya. Panya walioteswa kwa baridi, kwa majeraha au kwa sumu walionyesha mabadiliko yaleyale ya tezi na vidonda vya tumbo. Tena Selye, ambaye Kiingereza hakikuwa lugha yake ya kwanza, alieleza baadaye kuwa lau angalikijua vizuri zaidi angalichagua neno jingine. Kwa maana neno alilolitwaa, katika fizikia, hutaja nguvu inayokikandamiza kitu, na yeye alikusudia hali ya kitu kinachokandamizwa. Basi hata wakubwa wa elimu huteleza katika kuchagua maneno, na walimwengu wakaendelea na kuteleza huko.

Kiswahili cha kila siku hakikuteleza. Wazee wetu walisema jasho jembamba linamtoka, moyo unamwenda mbio, ana tumbo joto, mwili umemsisimka. Semi hizi zote zinautia msongo mahali ambapo vipokezi vya leo vinaukuta: katika ngozi, katika moyo, katika matumbo. Kwa hiyo tunapendekeza neno "msongo" peke yake liwe jina la hali nzima, kisha "msongo wa mawazo" na "msongo wa mwili" ziwe pande zake mbili.

5. Faida na mipaka

Ushahidi ulio imara zaidi ni wa matatizo machache yaliyo wazi. Maumivu ya kichwa ya kukaza misuli na kipandauso hupungua kwa wagonjwa wengi wanaojifunza kwa bidii. Akina mama wasioweza kuzuia mkojo hunufaika, hasa mafunzo yanapoandamana na mazoezi ya misuli. Kadhalika hunufaika watu wanaofunga choo kwa sababu misuli ya njia ya haja kubwa hukaza pale inapotakiwa kulegea. Watu wenye wasiwasi mwingi nao hupata nafuu, ingawa wengine huipata vilevile kwa mafunzo ya kulegeza mwili yasiyohitaji chombo.

Kuhusu shinikizo la damu, matokeo ya uchunguzi yamekuwa ya kupandana na kushuka. Baadhi ya wagonjwa hupungukiwa kiasi, wengine hawapungukiwi. Hakuna daktari mwangalifu atakayemwambia mgonjwa wa shinikizo la damu aache vidonge kwa sababu ya mafunzo haya. Vilevile, maumivu ya kifua, udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, au kichwa kinachouma pamoja na homa si mambo ya kwenda kusikiliza mlio. Hayo ni ya kukimbilia hospitali, na kwetu sisi homa ya namna hiyo hupimwa malaria kwanza.

Hapa naomba msomaji aniwie radhi nitoe mfano wa nyumbani. Shangazi yangu ana shinikizo la damu. Wakati mmoja tuligundua kuwa vidonge vyake vya miezi miwili vimo vyote ndani ya kopo, na huku kila Jumamosi alikwenda kupimwa katika duka la dawa la jirani. Nilipomwuliza, alinijibu kwa mshangao: "Mwanangu, si naipeleka kila wiki ikabanwe?" Alikuwa akiamini kuwa ule mfuko unaofura na kuubana mkono unaisukuma presha irudi chini. Hakuna aliyemwambia uongo. Aliambiwa "njoo tukushughulikie presha", naye akaelewa kama mtu yeyote mwenye akili angalivyoelewa. Siku hiyo kipimo chake kilikuwa juu mno. Tunashukuru kuwa tuligundua mapema, akarudia dawa zake.

Shangazi na akina mama wa kliniki walipotea katika njia moja. Kiswahili kina vitenzi vitatu vilivyo mbali kabisa: kupima, kutibu na kujifunza. Kifaa cha shangazi kinapima. Vidonge vinatibu. Chombo cha muuguzi hakifanyi lolote kati ya hayo mawili peke yake. Kinampa mtu habari ili yeye ajifunze. Jina linalovichanganya vitenzi hivi linaweza kumgharimu mtu afya yake.

6. Kutafuta jina

Majina matano yalifika mezani petu.

La kwanza ni "bayofidibaki". Kukopa si dhambi. Kiswahili kimekopa daktari, hospitali na dawa. Lakini neno hili halimwambii mama wa kliniki chochote. Linafaa kubaki kwa wataalamu wanaohitaji kutambuana na wenzao wa nje.

La pili ni "mlishonyuma wa kibiolojia". Aliyelipendekeza alifuata vipande vya neno la kigeni kimojakimoja. Mzee mmoja katika kikao aliuliza ni mnyama gani huyo anayelishwa kwa nyuma, na mjadala ukaishia hapo.

La tatu ni "mwangwi wa mwili". Ni jina zuri la kishairi. Lakini mwangwi hurudisha sauti ileile kwa mtu ambaye ameshaisikia. Chombo hiki hurudisha habari ambayo mtu hakuwa nayo.

La nne ni "mrejesho wa mwili". Neno "mrejesho" linatokana na kitenzi kurejesha, na wananchi wanalijua sana: mjumbe aliyetumwa mkutanoni hurudi kuwapa mrejesho waliomtuma, nao ndio wanaoamua la kufanya. Mfano huo unaeleza barabara kazi ya chombo, yaani kuwa ni mjumbe, wala si mwamuzi wala mganga. Tatizo liko katika neno la pili. Kwetu mtu aliyekonda kwa ugonjwa kisha akanenepa husemwa amerudisha mwili. Mgonjwa akisikia "mrejesho wa mwili" ataweza kudhani kuwa ni lishe ya kumnenepesha.

La tano ndilo tunalolipendekeza: "mrejesho wa habari za mwili". Urefu wake tunaukubali kuwa ni kasoro. Lakini kila neno lililomo linajulikana kwa mtu asiyekwenda shule, na hakuna linalomwahidi uponyaji. Tena ni jina linalozaa: hutupa kwa urahisi mrejesho wa misuli, mrejesho wa joto, mrejesho wa jasho, mrejesho wa pumzi na mapigo, na mrejesho wa mawimbi ya ubongo. Katika matini ambapo maana imeshawekwa wazi, "mrejesho" peke yake latosha. Chombo kiitwe "chombo cha mrejesho", na neno "mashine ya kutibu" liachwe kabisa.

Yapo mengine yanayolidai jina hili lisicheleweshwe. Siku hizi saa za mkononi na simu nyingi hupima mapigo ya moyo na kumwonyesha mwenyewe papo hapo, na baadhi humwelekeza apumue kwa utaratibu. Chombo kilichokuwa cha maabara kimefika mifukoni mwa watu. Ikiwa hatutawapa maneno, watajitungia yao, na yatakayoenea upesi ni yale ya wauzaji.

7. Istilahi zinazopendekezwa

Mrejesho wa habari za mwili: njia ya kumfunza mtu kuongoza hali fulani ya mwili wake kwa kumpa habari za hali hiyo papo hapo inapotendeka.

Chombo cha mrejesho: kifaa kinachopokea, kukuza na kuonyesha habari hizo.

Kipokezi: sehemu ya chombo igusayo mwili na kupokea dalili.

Mrejesho wa misuli: mrejesho wa habari za kukaza na kulegea kwa misuli.

Mrejesho wa joto: mrejesho wa habari za joto la ngozi, hasa la vidole.

Mrejesho wa jasho: mrejesho wa habari za jasho la ngozi, hasa la viganja, kwa kupima namna ngozi inavyopitisha umeme.

Mrejesho wa pumzi na mapigo: mrejesho wa habari za upumuaji na mwendo wa moyo.

Mrejesho wa mawimbi ya ubongo: mrejesho wa habari za mawimbi ya umeme yatokayo katika ubongo.

Msongo: hali ya mwili na mawazo inayotokana na kukandamizwa na mahitaji yanayomzidi mtu nguvu.

8. Hitimisho

Tulimjibu muuguzi kwa barua kabla ya kuandika makala haya. Tulimshauri afute neno "kutibu" katika karatasi yake, na mstari wa kwanza ausome hivi: "Chombo hiki kitakuonyesha unavyokaza. Kukaza ni kazi yako." Ametuandikia tena. Anasema akina mama sasa hukitazama chombo, hujaribu, hucheka, na hushindana. Wako walioanza kupata nafuu. Wako ambao bado. Lakini hakuna tena anayelala kungoja.

Istilahi hizi bado ni mapendekezo. Waganga, wauguzi, walimu na wasomaji wote wanaombwa kutuletea maoni yao, hasa wale watakaozitumia mbele ya wagonjwa wenyewe. Huko ndiko jina linakopimwa.